Kawawa hakuwa kivuli cha Mwalimu

"Shikamoo, mzee. Nasoma historia kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 akamwachia Rashidi Kawawa, na Desemba mwaka huohuo akarudi akiwa Rais. Darasani tukabishana. Wenzangu wanasema Kawawa alishikishwa kiti tu, na kwamba maisha yake yote alikuwa kivuli cha Mwalimu. Mimi nilikataa, lakini walipoomba hoja sikuwa nayo. Je, wanasema kweli?"

Marahaba, mwanangu. Umekataa kabla hujapata hoja, na sikulaumu, maana hoja zipo. Hilo neno "kivuli" limemganda marehemu Mzee Kawawa kwa miaka mingi, na kila nikilisikia linanichoma. Ubaya wake si kwamba linamshushia hadhi tu. Kivuli hakisifiwi, na kivuli hakilaumiwi. Ukimwita Kawawa kivuli umemnyima sifa zake na papo hapo umemfutia makosa yake, na mtu yule alikuwa na vyote viwili kwa wingi.

Tuanzie pale mlipobishania. Uhuru tuliupata tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baadaye, baada ya vikao vizito vya Halmashauri Kuu ya TANU, Nyerere akatangaza kwamba anaacha uwaziri mkuu, anabaki na urais wa chama, na serikali anamkabidhi Kawawa. Watu walipigwa na butwaa. Kawawa alikuwa na miaka 35. Mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa gavana wa mkoloni.

Sababu aliyoitoa Mwalimu ilikuwa ya chama. TANU ilijengwa kwa ajili ya kudai uhuru, na uhuru ulipopatikana viongozi wake karibu wote walihamia ofisi za serikali, matawi yakabaki yatima. Alitaka kurudi kwa wananchi awaeleze kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Hiyo ni kweli, na aliifanya: alizunguka nchi nzima, na katika mwaka huohuo akaandika kijitabu chake kuhusu ujamaa.

Lakini kulikuwa na joto jingine. Siku ya uhuru, katika nafasi za juu na za kati serikalini, takribani robo tu zilishikwa na wenyeji. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinanung'unika kwa sauti. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwakemea kwa ukali usio wa kawaida yake na kutishia kwamba serikali nzima itajiuzulu. Kwa hiyo alipoondoka Januari, wapo waliosema amesukumwa. Wanahistoria hawajamaliza ubishi huo. Mimi naona alisukumwa kidogo na aliamua kwa sehemu kubwa, kwa sababu mtu aliyesukumwa tu hachagui mwenyewe nani akalie kiti chake.

Na hapo ndipo penye swali ambalo darasa lenu halikuliuliza: kwa nini Kawawa? Oscar Kambona alikuwepo, Katibu Mkuu wa TANU, msemaji hodari, kipenzi cha vijana. Paul Bomani alikuwepo, na nyuma yake vyama vya ushirika vya pamba vya Usukuma. Kama Mwalimu alihitaji kivuli, kwa nini amchukue mtu aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe? Naam, Kawawa alikuwa na jeshi, ila lilivaa ovaroli badala ya magwanda.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 Matimila, Songea. Alisoma Liwale, akasoma Dar es Salaam, akamalizia Tabora, shule ileile aliyopitia Nyerere kabla yake. Baada ya shule aliajiriwa na serikali katika idara ya ustawi wa jamii, na huko akafanya jambo ambalo wengi wamelisahau: aliigiza filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili za kuonyeshwa mijini na vijijini, na Kawawa alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu. Fikiria nchi isiyo na televisheni, ambamo gari la sinema likifika kijijini watu huacha kila kitu. Sura yake ilijulikana kabla jina lake halijaingia kwenye siasa.

Wakati huo mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga na TANU. Palipobaki pa kupumulia ni chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, na Kawawa akapanda ndani yake hadi kukiongoza. Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana kuwa shirikisho moja, TFL, kwa kutiwa moyo pia na Tom Mboya wa Kenya, na Kawawa akawa Katibu Mkuu. Kisha akaacha kazi ya serikali, na mshahara wake, akaingia moja kwa moja kwenye harakati.

Hapa nakuomba utulie, maana wanafunzi wengi hupapita mbiombio. TANU ilikuwa na wakulima, wazee wa mjini na akina mama wa Bibi Titi. Wafanyakazi walikuwa na kitu cha ziada: uwezo wa kusimamisha nchi. Makuli wakikaa chini, meli hazipakuliwi. Reli ikigoma, mkonge haufiki bandarini. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, TANU iliwaambia watu wasinywe bia ya kizungu, na mgomo wa kazi ukageuka kuwa jambo la siasa. Aliyekuwa ameshika mikono miwili, wa chama na wa wafanyakazi, akaifunga pamoja, ni Kawawa. Nyerere alipounda serikali ya madaraka Septemba 1960, Kawawa akawa Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba, kisha Waziri asiye na Wizara Maalumu. Hakuletwa mezani kwa kuonewa huruma.

Sasa twende ndani ya mwaka 1962 wenyewe. Ile miezi isiyotimia kumi na moja haikuwa ya kulinda kiti. Mimi naihesabu kuwa miezi iliyobadilisha zaidi umbo la dola yetu kuliko mingi iliyofuata.

Majimbo ya mkoloni yakawa mikoa, na pale alipokaa Mzungu wa jimbo akawekwa mkuu wa mkoa anayetoka kwenye chama. Wilayani wakaja wakuu wa wilaya, wale ambao wazee wetu waliwaita Eria Kamishna. Kasi ya kuwaweka wenyeji serikalini ikaongezeka, na ikaundwa tume ya kuisimamia. Sir Ernest Vasey akaondoka Wizara ya Fedha na Bomani akaishika. Yakaandaliwa mabadiliko yaliyowaondoa machifu katika utawala mwanzoni mwa 1963. Ikaandikwa katiba ya jamhuri yenye Rais mwenye nguvu nyingi. Novemba ukafanyika uchaguzi wa Rais, ambapo Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1 na mpinzani wake, Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha Tanganyika, ANC, akapata takribani elfu 21.

Yote hayo sawa. Yaliyo mazito zaidi kwangu ni mambo mawili, na sitaki ukayaruke kwa sababu tu tunampenda mzee wetu.

La kwanza ni sheria za kazi. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani: mgogoro lazima upitie usuluhishi, kisha baraza, na uamuzi ukishatoka umetoka. Vyama vikawekwa chini ya shirikisho moja linalotambuliwa na serikali, na watumishi wa serikali wa ngazi ya juu wakazuiwa kuwa wanachama. Soma tena, mwanangu. Mtu aliyekua kwa migomo, aliyetoka TAGSA, aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, ndiye Waziri Mkuu ambaye serikali yake iliipunguzia TFL meno.

Alikuwa msaliti? Wenzake wa zamani wengine waliona hivyo. Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli aliyeongoza mgomo mrefu wa 1960, alipelekwa London kuwa Balozi, akaacha ubalozi na kurudi kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello, rais wa TFL, Januari 1963 aliamriwa kwenda kukaa Sumbawanga, na wakati ule Sumbawanga ilikuwa mwisho wa dunia kwa mtu wa Dar es Salaam. Upande wa pili, serikali hiyohiyo ya Kawawa ilileta malipo ya lazima kwa anayeachishwa kazi, na chini yake ukawekwa msingi wa kima cha chini cha mshahara. Kwa macho yangu, aliamini kwa dhati kwamba serikali ikishakuwa ya wananchi, mgomo ni kumgomea mwenyewe. Waliokuwa wamepigania uhuru na wakaamini hivyo walikuwa wengi, hapa na kwingineko Afrika. Mimi naamini walikosea. Mfanyakazi alipewa haki kadhaa na akanyang'anywa chombo cha kuzitetea, na haki zisizo na mtetezi ziliyeyuka taratibu miaka ya baadaye, bei zilipopanda na mshahara ukabaki palepale. Lakini kukosea kwa imani yako mwenyewe si kazi ya kivuli.

La pili ni sheria ya Septemba 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Tumezoea kuihesabu sheria hiyo katika utawala wa Mwalimu, kwa sababu aliyeitumia kwa miaka mingi ni yeye akiwa Rais. Ilipopita Bungeni, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa. Wenzako wakitaka kumwondolea uzito wake katika historia, itabidi wamwondoe na hapa, na hapa hapaondoleki.

Desemba 9, 1962 jamhuri ikazaliwa. Nyerere Rais, Kawawa Makamu wa Rais. Alirudisha hatamu bila neno la kinyongo. Tazama ramani ya Afrika ya miaka hiyo na uhesabu ni wangapi walikabidhiwa serikali "kwa muda" na wakairudisha.

Januari 1964 kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, iliasi. Nyerere na Kawawa wakafichwa, na Kambona ndiye aliyetoka kuzungumza na askari. Wanajeshi wa Kiingereza waliuzima uasi tarehe 25. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa kushukiwa kushirikiana na waasi, TFL ikafutwa, na mahali pake ikaja NUTA, jumuiya moja chini ya mkono wa chama. Nyumba aliyoijenga Kawawa kwa mikono yake mwaka 1955 haikufikisha miaka kumi.

Muungano ulipokuja Aprili, Sheikh Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais na Kawawa akashuka kuwa wa Pili. Katika itifaki ni kushuka. Katika kazi hapana, maana Makamu wa Pili ndiye aliyekuwa kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni. Na ndiye aliyepewa uenyekiti wa tume iliyoamua namna ya kuwa na chama kimoja bila kufuta uchaguzi. Mfumo tuliouona Septemba 1965, wa wagombea wawili wa TANU katika jimbo moja, mmoja na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ulitoka kwenye tume hiyo. Wasiopenda chama kimoja, nami ni mmoja wao, wakumbuke kwamba katika uchaguzi huo mawaziri wawili walianguka, akiwemo Bomani. Nchi nyingi zenye chama kimoja hazikuthubutu kuwapa wananchi hata hilo.

Kuna deni jingine ambalo wewe na mimi tunalilipa kila tunapoandikiana. Mapema mwaka 1967 Kawawa, akiwa Makamu wa Pili, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Barua, mafaili na vibao vya milangoni vikaanza kubadilika. Ukiingia leo ofisi ya umma na kusoma "Masijala" mlangoni, chanzo chake ni huko. Sipendi linavyotajwa juujuu katika vitabu vya shule. Kwa wananchi waliokuwa wakipewa hukumu na hati za kodi kwa lugha wasiyoijua, lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba nyingi.

Februari 1972 akawa Waziri Mkuu tena, na sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka huo yalianza Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na maofisa wa serikali kuu wakapelekwa mikoani kushika kazi zake. Msimamizi wa mfumo huo alikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na muda wa mwisho ni 1976. Operesheni Vijiji ikaenda kupitia mikoa hiyohiyo, kwa wakuu wale wale, chini ya ofisi ileile.

Mamilioni walihamishwa. Wapo waliosogezwa kilomita chache tu wakapata shule, zahanati na bomba la maji karibu. Wapo walioshushwa kwenye lori porini wakaambiwa hapa ndipo kwenu, na nyuma yao paa likachomwa wasirudi. Ukame nao ukaingia, mashamba yaliyozoeleka yakabaki mbali, na nchi ikaagiza mahindi kutoka nje. Mara nyingi husemwa kwamba sera ilikuwa ya Mwalimu, basi Kawawa hana neno. Mimi siwezi kusema hivyo. Sera huamuliwa mezani, lakini namna ya kuitekeleza, kwa haraka ipi na kwa nguvu kiasi gani, huamuliwa na anayesimamia watekelezaji. Katika hili Kawawa alikuwa mtendaji kupita kiasi: akipewa jambo la miaka mitatu, atataka liishe kwa miwili, na walio chini yake walijua hivyo. Uchapakazi uliokuwa fadhila mwaka 1962 uliumiza watu mwaka 1974. Kwa halmashauri, serikali yenyewe ilikubali kosa ilipozirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Februari 1977, CCM ilipozaliwa, Edward Sokoine akawa Waziri Mkuu na Kawawa akawa Waziri wa Ulinzi chini ya kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili. Hakususa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuikalia sehemu ya Kagera, na vita ile hadi kuanguka kwa Kampala Aprili 1979 ilimkuta akiwa ndiye waziri wa jeshi letu. Jina lake la utani, Simba wa Vita, lilimkaa vizuri. Kisha akawa Katibu Mkuu wa CCM hadi 1990. Mwalimu alipokuwa anang'atuka mwaka 1985, jina la Kawawa lilikuwa miongoni mwa matatu yaliyozungumzwa, pamoja na Ali Hassan Mwinyi na Salim Ahmed Salim. Likapita la Mwinyi, na Kawawa akaendelea kumtumikia.

Hapa naona ndipo wenzako wanapochanganyikiwa. Wanamwona mtu aliyeshuka mara tatu au nne bila kugomba, wanahitimisha kwamba hakuwa na chake. Sisi tumezoea kumpima mwanasiasa kwa kiti alichokigombania. Kawawa alikuwa na aina ya uwezo isiyopigiwa makofi: kulichukua wazo la mwingine, kulikubali kwa moyo wote, na kulifanya liwe sheria, mafaili na watu kazini kesho yake asubuhi. Mwalimu alikuwa na mawazo mengi kuliko mikono. Bila mtu wa namna ile, mengi yangebaki vijitabu. Kasoro ya uwezo huo ni kwamba anayetekeleza vizuri sana huweza kuacha kuuliza, na sijui mahali Kawawa aliposimama hadharani akamwambia Mwalimu "hapa hapana". Hilo ndilo la kumdai, nami namdai kwa heshima.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale.

Mkirudi kwenye ubishi wenu, usiwajibu kwa sifa. Waombe wafungue orodha ya sheria zilizopitishwa na Bunge la Tanganyika mwaka 1962, wazisome moja baada ya nyingine: za migogoro ya kazi, za vyama vya wafanyakazi, ya kizuizini, ya malipo ya kuachishwa kazi. Kila wakifika mwisho wa sheria, waulize Waziri Mkuu wa siku hiyo alikuwa nani.